Fizikia ya Mpemba: Lugha na Ushuhuda katika Taaluma ya Sayansi, Teknolojia na Jamii

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1960 vyuo vikuu vingi duniani vimekuwa na taaluma inayochunguza uhusiano uliopo kati ya sayansi na teknolojia kwa upande mmoja na jamii kwa upande wa pili. Taaluma hiyo, ambayo katika makala haya itaitwa Taaluma ya Sayansi, Teknolojia na Jamii (kwa kifupi STJ), haichunguzi maumbile yenyewe kama wafanyavyo wanafizikia au wanabiolojia. Inachunguza namna maarifa juu ya maumbile yanavyopatikana, yanavyoshuhudiwa, yanavyokubaliwa au kukataliwa, na yanavyorudi katika jamii yakiwa mashine, dawa, sheria au somo la darasani. Maswali yake makuu ni mepesi kuyataja na magumu kuyajibu: Nani ana haki ya kusema kuwa jambo fulani ni kweli? Akisema, nani humsikiliza, na kwa lugha gani?

Swali hilo la mwisho halijapewa uzito unaostahili. Wataalamu wa STJ wengi wametoka katika sosholojia, historia na falsafa, na wengi wao wamefanya kazi katika mazingira ambamo lugha ya nyumbani, ya darasani na ya maabara ni moja, au inadhaniwa kuwa ni moja. Katika Afrika ya Mashariki hali si hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msomi wa isimu ya Kiswahili ana kazi katika taaluma hii, na kwamba kazi hiyo si ya kutafuta visawe vya istilahi peke yake. Hoja itajengwa juu ya kisa kinachofahamika sana lakini kinachosomwa kwa nadra kwa makini, yaani kisa cha Erasto Mpemba na maji ya moto.

2.0 Chimbuko la Taaluma

Wazo kwamba sayansi ina jamii yake na historia yake si jipya. Mwaka 1931, katika kongamano la historia ya sayansi lililofanyika London, Boris Hessen kutoka Urusi ya Kisovieti alidai kuwa kazi za Newton haziwezi kueleweka pasipo kuyatazama mahitaji ya usafiri wa baharini, uchimbaji wa madini na vita katika Uingereza ya karne ya 17. Mwaka 1935 Ludwik Fleck, tabibu kutoka Poland, alichapisha kitabu kilichofuatilia namna kipimo cha damu cha kaswende kilivyozaliwa ndani ya kundi la watu wenye namna moja ya kufikiri. Kisha wakaja Merton (1938), Snow na mhadhara wake wa Cambridge wa mwaka 1959 juu ya utengano wa wanasayansi na wanafasihi, na Kuhn (1962).

Hao walikuwa watu mmoja mmoja. Taaluma ilianza kupata makao mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilipounda kitengo cha kuchunguza sayansi chini ya David Edge, ambaye awali alikuwa mwanaastronomia wa redio. Katika kitengo hicho David Bloor (1976) alitoa kanuni ambayo imebishaniwa hadi leo: kwamba imani inayohesabiwa kuwa kweli na imani inayohesabiwa kuwa potofu zielezwe kwa sababu za aina moja. Haifai kusema kuwa aliyepatia aliongozwa na ukweli, na aliyekosea aliongozwa na jamii yake. Kanuni hiyo itaitwa hapa kanuni ya ulinganifu. Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilianzisha programu yake mwaka 1969, na vyuo vingine vikafuata.

Dar es Salaam swali la sayansi na jamii liliulizwa katika miaka hiyohiyo, ila kwa sauti nyingine. Baada ya mgogoro wa wanafunzi na serikali juu ya Jeshi la Kujenga Taifa mwezi Oktoba 1966, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, uliitishwa mkutano mwezi Machi 1967 kujadili wajibu wa Chuo Kikuu Kishiriki katika Tanzania ya kijamaa. Mjadala uliotokana na mkutano huo ndio uliokuza kozi ya pamoja ambayo hatimaye ilijulikana kama Taaluma za Maendeleo, kozi ambayo mwanafunzi wa fizikia aliisoma sawa na mwanafunzi wa sheria. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliundwa mwaka 1973, mwaka uleule Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Kozi hiyo ya pamoja ilikuwa, kwa namna yake, STJ kabla ya jina. Hata hivyo swali lake lilikuwa la umiliki: mashine ni ya nani, na faida yake inakwenda wapi. Hilo ni swali kubwa, na kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972, kilichotokana na mazingira hayo ya Dar es Salaam, kinabaki kuwa ushahidi wa uzito wake. Lakini swali la pili, yaani jinsi jambo linavyopata hadhi ya kuwa maarifa, liliachwa nje. Ilidhaniwa kuwa fizikia ni fizikia, ije kwa ubepari au kwa ujamaa. Ajabu ni kwamba mfano wa kulijadili swali hilo la pili ulikuwa umekwisha kupita katika maabara ya fizikia ya chuo hichohicho.

3.0 Kisa Chenyewe

Chanzo cha kuaminika zaidi ni makala ya Mpemba na Osborne yaliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Mambo yanayofuata yanatokana na simulizi yao wenyewe.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu la kugandishia. Nafasi katika jokofu ilikuwa haba na iligombewa. Siku moja mwenzake alitia sukari katika maziwa yasiyochemshwa ili awahi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya kiasi cha saa moja na nusu alikuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake yangali uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Alilikubali jibu hilo. Baadaye, wakati wa likizo, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kuwa yeye huiweka ingali moto kwa sababu huganda upesi zaidi. Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita mbio, na ambalo litarejewa baadaye: ujuzi huo ulikuwapo mjini, katika biashara, kabla haujawa swali la fizikia.

Mpemba aliendelea na masomo ya juu ya sekondari katika shule ya Mkwawa, Iringa. Wakati wa somo la kanuni ya Newton ya kupoa aliuliza tena, na mwalimu, baada ya mabishano mafupi, akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, hata katika hesabu, wenzake waliliita kosa lake kwa jina lake. Alijaribu peke yake katika maabara ya biolojia akitumia bika mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji ya bomba, na akaona dalili zilezile.

Ndipo Dkt. Denis Osborne wa Idara ya Fizikia, Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo kutoa mhadhara. Mpemba alimwuliza: Ukichukua vyombo viwili vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100 za Selsiasi, ukaviweka katika jokofu, cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi walicheka. Osborne alimwuliza kama amelifanya jaribio hilo, na alipojibiwa kuwa amelifanya, aliahidi kulirudia. Dar es Salaam kazi hiyo alipewa fundi wa maabara. Fundi alirudi na habari kwamba maji ya moto yalikuwa yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Majaribio yaliyofuata yaliunga mkono dai la Mpemba. Osborne aliondoa uwezekano wa hewa iliyoyeyuka kwa kutumia maji yaliyochemshwa karibuni, na aliona kuwa maji yaliyopotea kwa kuvukiza hayakutosha kueleza tofauti yote. Wakati makala yanachapishwa Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Jina lake lilitangulia la mwanafizikia.

4.0 Kicheko, Shahidi na Fundi

Mtu anayekisoma kisa hiki kama hadithi ya kijana mwerevu na mwalimu mjinga atafurahi, lakini hatajifunza mengi. Kanuni ya ulinganifu inamtaka afanye kazi zaidi. Mwalimu wa Mkwawa hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja, na hoja hiyo ni nzuri: maji ya nyuzi 100 ili yagande ni lazima kwanza yapite nyuzi 35, yakifika hapo yamekuwa sawa na yale mengine, na muda uliobaki ni uleule, kwa hiyo hayawezi kutangulia. Hoja hii inashinda endapo hali ya maji inaelezwa kikamilifu kwa namba moja, yaani nyuzi zake. Na ndivyo kitabu cha shule kilivyofundisha.

Kicheko cha wanafunzi nacho kinahitaji maelezo. Hakikutokana na majaribio, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejaribu. Kilitokana na mpangilio wa darasa, ambamo swali halali ni lile ambalo jibu lake limo kitabuni na mwanafunzi bado hajalifikia. Swali la Mpemba lilikuwa la aina nyingine: lilitoka jikoni kuja darasani, badala ya kutoka kitabuni kwenda kichwani. Kucheka kulikuwa njia ya kulirudisha lilikotoka.

Shapin na Schaffer (1985), katika kitabu chao juu ya Robert Boyle na pampu ya hewa ya karne ya 17, wameonyesha kuwa jaribio halikuwa jaribio mpaka lishuhudiwe, na kwamba si kila aliyekuwapo chumbani alihesabiwa kuwa shahidi. Waungwana walihesabiwa. Watumishi walioizungusha pampu hawakuhesabiwa, ingawa wao ndio waliokuwa karibu nayo zaidi. Kwa kigezo hicho Magamba mwaka 1963 palitokea jambo lisiloshuhudiwa, japokuwa wavulana waliolitazama hawakuwa wachache. Mjini Tanga lilishuhudiwa kila siku na watu wasiohesabiwa. Alipokuja mtu ambaye ushahidi wake unahesabika, jambo lilelile lilianza kuwako.

Haya hayasemwi kwa kumshusha Osborne. Wapo wahadhiri wengi ambao wangecheka pamoja na darasa. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba swali lake kwa Mpemba halikuwa juu ya nadharia bali juu ya tendo: je, umelifanya? Kwa swali hilo alimhamisha kijana kutoka cheo cha mwanafunzi anayekosea hadi cheo cha mjaribu anayeripoti.

Lakini mwenye neno kubwa kuliko wote katika kisa hiki ni fundi wa maabara, ambaye katika makala ya 1969 hana jina. Kauli yake huchukuliwa kuwa kichekesho. Katika STJ ni mfano safi wa tatizo ambalo Collins (1985) amelijadili kwa kirefu kutokana na utafiti wake juu ya mawimbi ya mvutano. Ili kujua kama jaribio limefanywa vizuri, hutazamwa kama limetoa jibu sahihi. Ili kujua jibu sahihi ni lipi, hutegemewa jaribio lililofanywa vizuri. Ni duara, na halikatwi na jaribio jingine. Hukatwa na makubaliano ya watu. Fundi yule alilieleza duara zima kwa sentensi moja, miaka mingi kabla ya Collins, kwa kuwa ndilo alilofanyia kazi kila siku. Shapin (1989) ameandika juu ya mafundi wasioonekana katika maabara ya Boyle. Wa Dar es Salaam naye hakuonekana, ila sauti yake ilisikika mara moja.

5.0 Suala la Lugha

5.1 Umbo "-a Mpemba"

Mwalimu alipotofautisha fizikia ya Mpemba na fizikia ya ulimwengu, alitumia muundo wa umilikishi kuweka mpaka. Kilichomilikiwa na mtu mmoja kilikuwa, kwa sababu hiyo tu, si sayansi. Baada ya mwaka 1969 muundo uleule ulianza kufanya kazi iliyo kinyume. Wanafizikia wa dunia walianza kuzungumza juu ya athari ya Mpemba, na hapo umilikishi haupunguzi bali unatukuza: jambo ni la ulimwengu, jina ni la aliyelitoa. Sarufi ni ileile katika fizikia ya Mpemba na katika kanuni ya Newton. Kilichobadilika ni mahali mmilikishwa anaposimama katika jamii ya wanaozungumza. Mwanaisimu anayefundisha maana za kihusishi cha -a kwa kutumia mifano ya kikombe cha chai na mtoto wa Juma ana hapa mfano wenye faida zaidi.

(Kwa msomaji wa Kiswahili jina lenyewe lina mtego mwingine, kwani Mpemba ni mtu wa Pemba. Msomaji asiyejua kisa anaweza kuitafuta athari hiyo kisiwani.)

5.2 Kupoa, kuwa baridi na kuganda

Mjadala wa athari ya Mpemba haujakwisha, na sehemu kubwa ya mjadala huo ni ya kisemantiki. Burridge na Linden, katika makala yao ya mwaka 2016, hawakupata ushahidi wa kuaminika wa athari hiyo katika maji, na walionyesha kuwa tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inaweza kuzalisha matokeo ya uongo. Lakini walichopima hasa ni muda wa maji kufikia nyuzi 0. Mpemba alizungumzia kitu kilichoganda. Wengine hupima wakati barafu inapoanza kuonekana, na wengine wakati maji yote yanapokuwa barafu. Hayo ni matukio tofauti, maana maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji kwa muda. Swali la nani kaganda kwanza linameza maswali yasiyopungua matatu.

Kitenzi kuganda katika Kiswahili ni kipana. Maji huganda yakawa barafu. Damu huganda kwenye jeraha. Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Maziwa huganda yakawa mgando, na hayo huganda upesi zaidi mahali penye joto kuliko mahali pa baridi. Maana ya msingi ni kiowevu kuacha kutiririka na kushikamana. Baridi haimo ndani ya neno. Kwa hiyo katika msamiati wa kawaida wa Mswahili hakuna ukinzani kati ya joto na kuganda. Haidaiwi hapa kwamba hiyo ndiyo sababu wauza aiskrimu wa Tanga hawakuona ajabu. Dai hilo lingehitaji utafiti, na nadharia zinazodai kuwa msamiati hutawala fikra zimekwisha kuwaponza wengi. Inadaiwa tu kwamba anayeulizwa kwa neno kuganda na anayeulizwa kwa neno la Kiingereza lenye baridi ndani yake hawajaulizwa swali moja.

Kitenzi kupoa kina uzito zaidi. Kitu hupoa endapo kilikuwa moto. Uji hupoa, chai hupoa, pasi hupoa. Homa na hasira nazo hupoa. Maji ya mtungini ni ya baridi, lakini hayakupoa. Msemaji akiambiwa maji haya yamepoa, anapata habari mbili kwa pamoja: hali yao ya sasa na historia yao. Sasa na tuitazame tena hoja ya mwalimu wa Mkwawa. Hoja inasema kuwa maji yaliyotoka nyuzi 100 yakifika 35 ni sawa na yaliyoanzia 35. Dai la Mpemba, likiandikwa kwa uangalifu, linasema kuwa hayako sawa: yaliyopita huko juu yamepoteza sehemu yao kwa mvuke, mzunguko wa maji ndani ya chombo ni mwingine, na tofauti ya joto kati ya sehemu ya juu na ya chini ya chombo si ileile. Kwa ufupi, maji yaliyopoa si maji ya baridi. Kiswahili kinaitofautisha hali na historia katika kitenzi cha kila siku, wakati istilahi za kisayansi, iwe halijoto au jotoridi, zimeundwa makusudi ili historia hiyo isahaulike.

Usahaulifu huo una manufaa yake. Bila kutenga kiasi cha joto na nyuzi za joto, fizikia ya joto isingekuwapo, na waundaji wa istilahi walifanya vyema kulitofautisha neno joto na halijoto. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ni matunda ya kazi ngumu ya aina hiyo. Kasoro iko katika mtazamo kwamba kazi ya Kiswahili mbele ya sayansi inaishia hapo, katika kupokea dhana zilizokwisha kukatwa mahali pengine na kuzitafutia majina. Kisa cha Mpemba kinaonyesha mwelekeo wa pili: neno la jikoni linaweza kubeba tofauti ambayo nadharia imeiacha, na ambayo nadharia itaihitaji tena. Tangu mwaka 2017 wanafizikia wa nadharia wamekuwa wakiijadili athari ya Mpemba kama sifa ya mifumo mingi isiyo maji, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada walichapisha katika jarida la Nature jaribio la chembe ndogo mno lililoonyesha kupoa kwa kasi zaidi kutoka hali ya moto zaidi. Kinachozungumzwa humo ni historia ya mfumo.

5.3 Mitindo miwili katika makala moja

Makala ya 1969 yana sehemu mbili, na kila mwandishi ana yake. Sehemu ya Mpemba ni masimulizi: ina wakati, mahali, watu wanaosema na kujibu, aibu na subira. Sehemu ya Osborne ni ripoti: ina vyombo, vipimo, mchoro na matumizi ya kauli ya kutendwa. Kwa kawaida sehemu ya kwanza ingefutwa kabla ya kuchapwa, na kama ingefutwa, leo hakuna ambaye angejua habari za rafiki wa Tanga wala za kicheko. Mwanafunzi wa elimumitindo angeweza kuzisoma sehemu hizo mbili sambamba na kuuliza ni habari gani inapotea kila sentensi ya kwanza inapogeuzwa kuwa ya pili. Zote mbili ziko katika Kiingereza. Katika sehemu ya Mpemba zimo kauli ambazo bila shaka zilitamkwa kwanza kwa Kiswahili, hasa zile za mjini, na kauli za darasani ambazo yamkini zilitamkwa kwa Kiingereza. Makala hayaonyeshi mpaka huo.

6.0 Kazi Iliyo Mbele ya Idara

Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi Tanzania mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 zilizungumzia matumizi ya Kiswahili katika ngazi za juu, lakini mwanafunzi wa fizikia chuoni bado anasoma na kuandika tasnifu yake kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kiswahili anaandika yake kwa Kiswahili. Mabishano juu ya lugha ya kufundishia yameendeshwa karibu yote kama suala la uelewa: mwanafunzi ataelewa zaidi kwa lugha ipi? STJ inaongeza swali ambalo halimo katika mabishano hayo. Lugha ya darasa huamua pia maswali gani yanaweza kuingia darasani. Muuza aiskrimu wa Tanga hakuhitaji kueleweshwa. Alihitaji njia ya kusema jambo alilolijua mbele ya watu wenye kulipima.

Hapo ndipo idara za Kiswahili zina kazi ambayo idara ya fizikia haiwezi kuifanya peke yake, wala Taaluma za Maendeleo. Kozi ya uzamili ya STJ inaweza kuanzia kwa kuyasoma makala ya 1969 neno kwa neno, pamoja na Burridge na Linden, mwanafizikia na mwanaisimu wakiwa katika chumba kimoja. Baada ya hapo wanafunzi watoke. Mafundi wa majokofu wa Kariakoo, wachomeaji vyuma, watengeneza betri, wajenzi wa mashua na wapika aiskrimu wana msamiati wa namna vitu vinavyoshika, vinavyopoa, vinavyokaza, vinavyochacha na vinavyokataa. Msamiati huo ukikusanywa kama orodha tu, utaishia kwenye kamusi ya lahaja. Unapaswa kukusanywa pamoja na madai ambayo maneno hayo hutumika kuyasemea, na pamoja na majaribio ambayo wenyewe huyafanya kuyathibitisha, maana wanayo.

Upo ugumu wa taratibu. Tasnifu ya namna hiyo itasimamiwa na nani, na mtahini wa nje atatoka kitivo gani? Ikiandikwa kwa Kiswahili, mwanafizikia mtahini ataisoma, kwani wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili tangu utotoni. Ila hajawahi kuombwa kusoma fizikia katika lugha hiyo, na huenda akaanza kwa kucheka. Kicheko hicho nacho ni data.

Ugumu wa pili ni wa uwanjani. Mtafiti atakayekwenda Tanga kuuliza kwa nini mchanganyiko huwekwa ungali moto atapaswa kuamua mapema swali lake atalitamka kwa kitenzi gani, kisha afunge mdomo aone mwenyeji atajibu kwa kitenzi gani. Akiuliza kwa kuganda na akajibiwa kwa kushika, asisahihishe.